Muulize Fundi: Altare ya Zamani na Rangi ya Kopo

SWALI: Shikamoo fundi. Parokia yetu huku Kasulu ina altare kuu ya mbao, yenye nguzo nyembamba, mizabibu iliyochongwa na malaika wawili. Tunajiandaa na jubilei, na kamati imeshanunua rangi ya dhahabu ili altare ipigwe msasa na kupakwa upya. Wengine wanataka ing'olewe kabisa, maana padre haadhimishi tena misa hapo. Chini yake naona unga wa mbao. Tufanyeje? – Mwanakamati

JIBU: Marahaba. Kama risiti ipo, rudisheni rangi dukani leo hii.

Dhahabu ya kopo ni unga wa shaba ndani ya vanishi. Baada ya muda hugeuka kahawia, pengine na ukijani. Dhahabu halisi haichakai hivyo, ikififia mara nyingi ni moshi wa mishumaa tu. Kwa kawaida wachongaji wa zamani waliibandika juu ya tabaka la chaki na gundi ya ngozi. Msasa ukipita mara moja, imekwisha. Hata kitambaa chenye maji huilegeza, kwa hiyo akina mama wa usafi wa Jumamosi waambiwe, kwa upole: vumbi litolewe kwa brashi laini, kavu.

Kule Ubelgiji, mjini Gent, kuna picha ya altare iliyochorwa na ndugu wawili van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432. Karne moja baadaye wakaja watu wenye nia njema kama kamati yenu, wakapaka rangi juu ya uso wa Mwanakondoo wa Mungu aliyechorwa humo. Uso wa kwanza umeonekana tena juzijuzi tu, mafundi walipobandua rangi hiyo kidogo kidogo kwa visu vidogo.

Unga je? Ufagieni, tandikeni karatasi nyeupe, msubiri. Ukidondoka mpya, wadudu wako hai. Kama mbao ni mninga, kiini chake huwashinda. Wanakula ile sehemu nyeupe ya nje. Mchwa, kwa upande wao, hujenga njia za udongo kutoka sakafuni, hivyo chunguzeni nyuma, upande wa ukutani, ambako hakuna anayefagia.

Wanaotaka kung'oa wamesoma nusu. Ni kweli, mwongozo wa Misale ya Kirumi, kitabu cha misa, unataka altare iachane na ukuta. Ila namba 303 inasema kama ya zamani haihamishiki bila kuharibu sanaa yake, ijengwe nyingine mbele, ya zamani ibaki bila mapambo ya pekee. Na malaika wenu msiwaguse kienyeji: kanuni ya 1189 ya Sheria za Kanisa inadai ruhusa ya maandishi ya Askofu kabla ya kukarabati sanamu za thamani, naye awaulize kwanza wataalamu. Mimi fundi samani wa Tabora siyo mtaalamu huyo.

SWALI: Nta ya nyuki inafaa kung'arishia altare? – Msomaji, Urambo

JIBU: Kwenye mbao tupu, ndiyo, kidogo sana, na nta ya Tabora haina mpinzani. Kwenye rangi au dhahabu, usithubutu.