Buti za ngozi wakati wa masika

Pole sana, ndugu uliyeuliza ufanyeje na buti zako za ngozi. Kupanda Amani, kule milima ya Usambara, kutoka Muheza na buti zinazoingiza maji, tena zinateleza kwenye ule udongo mwekundu, ni mateso nayajua.

Anza na mshono wa ngozi na soli, maana maji hupenya zaidi hapo. Safisha tope, jaza magazeti ndani, ziache zikauke kivulini. Usizikaushe jikoni, ngozi itakakamaa na kupasuka. Yeyusha nta ya nyuki kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kwani hushika moto. Paka kwa kitambaa, sugua mshono kwa kidole mpaka nta izame. Ngozi itakoza rangi kidogo, usishtuke.

Utelezi hauna dawa ya kupaka. Meno ya soli yakishalika, mpelekee fundi viatu akuwekee soli ya mpira yenye meno marefu, na aishone. Gundi peke yake hubanduka ikilowa.

Ngozi ya katikati ya vidole vya miguu ikichubuka au kuwasha siku kadhaa, nenda zahanati. Ukiwa na kisukari, usingoje hata siku moja.