"Juu ya" Moja, Maneno Matatu ya Kiingereza: Ushauri kwa Waongoza Watalii

Kijana mmoja wa Moshi anayejiandaa kwa usaili wa kazi ya kuongoza watalii ameniandikia akiuliza ni lini aseme "over" na ni lini aseme "above", kwani kwake yote mawili ni "juu ya". Swali lake limenigusa, kwa kuwa nilianza Kilimanjaro nikiwa mgumu, yaani mpagazi, na bosi mmoja aliwahi kunitamkia mbele ya wenzangu kwamba Kiingereza changu kilitosha kubebea mizigo tu. Maneno hayo bado yananiuma. Leo vijana hunijia kujifunza Kiingereza hichohicho, na sioni haya kulisema hilo.

Asubuhi langoni Marangu, wingu likitanda na kuufunika msitu, hilo ni "over", kwa sababu kitu kimekaa wima juu ya kingine au kimekifunika. Kituo cha kulala wapandaji cha Kibo, kwenye mita 4,720, kiko juu ya Horombo, kwenye mita 3,720, lakini hakikuning'inia juu ya mapaa ya Horombo. Kati ya vituo hivyo kuna mwendo wa saa nyingi. Hapo sema "above". Zipo sentensi nyingi ambamo maneno yote mawili yanakubalika, ila hii si mojawapo. Chini nako ni hivyohivyo: ukiwa Kibo, Horombo ni "below", na wingu mlilolivuka ni "below", ilhali viatu vilivyosukumwa uvunguni mwa kitanda ni "under". Kikombe kilichowekwa juu ya jiwe kinaligusa, kwa hiyo hicho ni "on", na hapa ndipo "juu ya" yetu inapowaponza wengi.

Mahali ambapo tofauti hii inakuwa suala la usalama ni Ukuta wa Barranco, genge la mawe ambalo wapandaji wa Kilimanjaro huliparamia. Mawe yaliyolegea kwenye mteremko ulio mbele yenu ni "above you", hata kama hayako wima juu ya vichwa vyenu. Mwamba uliojitokeza kiasi cha kumlazimu mgeni ainame ndio ulio "over you", nanyi mnapita "under" mwamba huo. Mgeni aliyeambiwa kwamba jiwe liko "over" huenda akatazama juu moja kwa moja, wakati hatari inatoka mbele. Kwa hiyo nawasihi, vijana wangu, acheni kukariri orodha za maneno mkiwa vitandani. Tokeni nje, mtazame kilima, paa, daraja na mti, kisha mjiulize kila mara: je, kitu hiki kimekaa wima juu ya kile, au kimekizidi kimo tu?

Kwenye namba, utaratibu unabadilika kidogo, na wasaili huuliza sana namba. Vipimo vinavyopanda na kushuka kama ngazi, yaani mwinuko na halijoto, hutumia "above" na "below": kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 "above sea level", na usiku wa kuelekea kileleni baridi huwa "below zero". Kiasi kilichopita namba fulani hutumia "over", na umri usiofika huko hutumia "under". Mawenzi, kilele kingine cha Kilimanjaro chenye mita 5,149, inayabeba yote mawili katika sentensi moja, nami huwaagiza wanafunzi wangu waitamke kwa sauti hadi ulimi uizoee: "Mawenzi is over 5,000 metres above sea level."