Kutembea kwenye duara la bustani ya hospitali ni uzushi?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni wa Mombasa, naishi San Francisco. Mama amelazwa, na kwenye bustani ya hospitali kuna duara kubwa lililochorwa chini, lina njia moja inayojikunjakunja mpaka katikati. Wauguzi wanatuambia tutembee humo polepole tupunguze mawazo. Nimetembea mara mbili huku navuta uradi, na moyo ulitulia. Rafiki yangu anasema ule ni msalaba, na kwamba nimefanya tawafu ya uzushi, yaani ibada ya kuzuliwa isiyokuwamo katika dini. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Allah amponye mama.

Rafiki yako hakuota. Mchoro unaoigwa sana ni ule wa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, wa mwanzoni mwa karne ya 13: upana karibu mita 13, mizunguko 11, na mwenye kuifuata njia yote hutembea zaidi ya mita 250. Ukiutazama kutoka juu, pale njia inapogeuka panafanya umbo kama msalaba. Lakini michoro ya aina hii ni mikongwe kuliko Ukristo. Imo kwenye sarafu za Krete za kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na hapo hospitalini hamkuambiwa muabudu, mmeambiwa mpumue.

Tawafu ni kuizunguka Kaaba mara saba kwa nia ya ibada. Wewe hukuzunguka kitu. Ulikwenda na kurudi juu ya njia iliyokunjwa kama kamba. Ama uradi, Qur'ani inawasifu wanaomkumbuka Allah wakisimama, wakikaa na wakilala ubavu (Aal Imran, 191), na Bi Aisha amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtaja Allah katika hali zake zote.

Ninalokuhofia ni jengine: usije ukaamini kwamba ukifika katikati dua hupokewa zaidi, au ukajipangia kila siku mizunguko kadhaa kana kwamba ni suna. Hapo ndipo uzushi unapoingia. Na siku akija mtu kuwaongoza kwa maombi ya dini nyengine, toka, bila ugomvi.

Mimi nilipokuwa nauguza, nilikuwa natembea varandani, kutoka mlango wa wodi hadi kwenye ngazi, usiku kucha, nikihesabu vigae. Vigae! Wewe ulikuwa unamtaja Mola wako.

Wallahu a'alam.