Ukipata Nafasi Kwenye Tamthilia, Usilihame Jukwaa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji kutoka Morogoro, binti aliyefaulu usaili wa tamthilia ya televisheni, ambaye sasa anauliza kama aachane na kikundi chake cha maigizo ya jukwaani kwa kuwa siku za kurekodi zinagongana na siku za mazoezi. Nimekwisha kumjibu kwa faragha, lakini najua wengi wenu mnaosoma hapa mnaitamani kazi hii hii, kwa hiyo nalirudia jibu langu mbele yenu: mdogo wangu, usiliache jukwaa.

Jukwaa ndilo lililonilea. Nilisoma Bagamoyo, katika chuo ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, na kule hakuna mwanafunzi anayefika siku ya kwanza akaambiwa asimame mbele ya kamera alie. Unacheza ngoma mpaka miguu inavimba, unajifunza sarakasi, unaimba, unapiga ala, na katika yote hayo mwili unazoea kutii. Sauti yangu ilijengwa pale, kwa kutamka sentensi ndefu kwa pumzi moja hadi aliyekaa safu ya mwisho aisikie bila mimi kupiga kelele. Ninajivunia jambo hili na sioni sababu ya kulificha: nilipoingia kwenye televisheni sikuchaguliwa kwa ajili ya sura, nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na ufundi mikononi.

Televisheni ina ugumu wake, na mtu asikudanganye kwamba ni jukwaa lililowekewa kamera. Nyumba ikishakodiwa kwa ajili ya kurekodia, sini zote, yaani vipande vyote vya hadithi, za sebuleni hupigwa siku hiyo hiyo, ziwe za kipindi cha 1 au cha 12, hivyo asubuhi unaweza kumlilia mume aliyefariki na alasiri ukawa unaposwa naye. Jukwaani hadithi hukubeba kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbele ya kamera ni wewe unayeibeba. Ndiyo maana natembea na daftari ambalo ndani yake, kwa kila sini, nimeandika mhusika wangu ametoka wapi, anajua nini, amefichwa nini na amevaa nini. Sauti nayo hubadilika, kwa kuwa kinasa sauti kilichofichwa chini ya kanga hunasa hata mnong'ono, na katika picha ya karibu kope ikipepesa ovyo mtazamaji huiona, kwa hiyo mwongozaji atakwambia upunguze. Mtu wa jukwaani hupunguza, kwa sababu anacho cha kupunguza. Ambaye hajawahi kuujaza ukumbi ataambiwa aongeze, na hilo halifundishiki wakati taa zimekwisha kuwashwa na watu wazima wanakusubiri.

Kumbukeni pia kwamba nyota wengi wa filamu zetu, akiwemo marehemu Steven Kanumba, walipitia kikundi cha maigizo cha Kaole. Nidhamu ya kundi, ya kufanya mazoezi na kusahihishwa mbele ya wenzako, huwezi kuipata kwa kuamka siku moja na kwenda lokesheni.

Sasa niseme lililonipata. Mhusika niliyemwigiza katika tamthilia moja alipendwa sana, hata sokoni wauza nyanya waliniita kwa jina lake na kunikemea kwa makosa yake. Kisha usiku mmoja nikaletewa skripti ambayo ndani yake mama mkwe anasema, kwa sentensi moja tu, kwamba nimekwenda Mwanza kumuuguza shangazi. Sikurudi tena. Mwandishi ana haki ya kumwondoa mhusika wake wakati wowote, na hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Kilichoniuma, na hadi leo kinaniuma, ni kujulishwa na karatasi baada ya misimu yote ile, bila mtu hata mmoja kuinua simu.

Wenzangu walioondolewa kwa namna hiyo, na ambao hawakuwa na kazi nyingine, walikaa nyumbani wakiwaza. Mimi juma lililofuata nilikuwa mazoezini na kikundi changu, tukiandaa mchezo kuhusu afya ya uzazi tuliokwenda kuuonesha vijijini Kilosa. Sanaa hiyo ya kuwafuata wananchi waliko ina mizizi hapa kwetu, kwani walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliijenga tangu miaka ya 1980. Malipo yake ni madogo, lakini kina mama waliokaa kwenye mikeka walinijibu palepale, mara nyingine kabla sijamaliza sentensi, na hapo nikajua kwamba kipaji changu hakikwenda Mwanza.

Mtazameni Profesa Lihamba, aliyeigiza jukwaani na katika filamu, akaandika, akaongoza na kufundisha. Mtazameni mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o, aliyemwigiza Juliet wa Shakespeare jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 14. Alipokwisha kutwaa tuzo ya Oscar mwaka 2014, mwaka 2016 alipanda jukwaa la Broadway, jijini New York, katika mchezo wa mwandishi Danai Gurira kuhusu wanawake wa Liberia wakati wa vita, na mwaka 2025 akaigiza mchezo wa Shakespeare katika bustani ya Central Park ya jiji hilo hilo pamoja na mdogo wake, Junior. Ikiwa yeye analirudia jukwaa, wewe uliyefaulu usaili mmoja unalikimbiaje? Acheni kuhesabu wafuasi kabla hamjajua kupumua. Fanyeni mazoezi hata pale ambapo hakuna anayewalipa, someni michezo kwa sauti, heshimuni vikundi vilivyowapokea mkiwa hamjulikani.

Na wewe wa Morogoro, kabla hujatia saini, mpelekee mtayarishaji tarehe za maonesho ya kikundi chako, na uombe siku hizo ziandikwe ndani ya mkataba. Omba pia kiandikwe kipengele kinachotaja utajulishwa na nani, na muda gani kabla, iwapo mhusika wako ataondolewa. Akikubali kwa mdomo tu, mwambie kwa adabu kwamba utasubiri karatasi.