Tumbo likiuma miaka baada ya baipasi

Nilifanyiwa baipasi ya tumbo, ule upasuaji wa kupunguza uzito, miaka miwili iliyopita na nimepungua sana. Siku hizi nikila, tumbo linasokota kisha linaachia. Ni gesi?

Huenda, dada, lakini usijiaminishe hivyo kabla hujachunguzwa. Katika baipasi utumbo mwembamba hukatwa na kuungwa upya, na hapo huweza kubaki mianya kwenye utando unaoushikilia. Unapopungua, mafuta ya utando huo nayo hupungua, mianya inapanuka, na utumbo unaweza kupenya humo. Hiyo ndiyo ngiri ya ndani. Haitokei kwa wengi, ila huwavizia watu waliokwisha kujiona wamepona. Utumbo ukipenya na kurudi, maumivu huja na kuondoka. Ukinasa na kujisokota, damu haipiti, na ndani ya saa chache sehemu hiyo inaweza kufa. Mwone daktari wa upasuaji wiki hii. Maumivu yasipoachia, nenda dharura saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mke wangu, aliyefanyiwa baipasi, ana maumivu makali. CT, yaani picha ya tumbo ya kompyuta, haikuonyesha kitu, wala hatapiki. Turudi nyumbani?

Maadamu bado anaumwa, msiondoke. CT huweza kuikosa ngiri hii, hasa ikipigwa utumbo ukiwa umesharudi mahali pake. Kutotapika nako kusiwatulize: kipande cha utumbo kilichoachwa kando ya njia ya chakula kinaweza kuziba na kujaa bila mgonjwa kutapika. Ombeni daktari anayeijua baipasi aitazame picha. Pengine italazimu kuingiza kamera tumboni kwa matundu madogo. Naona ni heri kamera isikute kitu kuliko kuchelewa.

Nina mimba ya miezi saba na nilifanyiwa baipasi. Nijihadhari na nini?

Mji wa mimba unapokua husukuma utumbo juu, na ngiri hupata nafasi. Maumivu ya juu ya tumbo yasisingiziwe mimba tu. Mkunga na daktari wa upasuaji wajue mapema.

Kwa nini mianya haizibwi siku ile ile?

Wengi huiziba. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 2,500, ulionyesha kwamba ndani ya miaka mitatu waliorudishwa kupasuliwa kwa utumbo kuziba walikuwa takriban 10 kwa 100 pale mianya ilipoachwa wazi, na kati ya 5 na 6 ilipozibwa. Hata hivyo kuziba mianya kuliongeza kidogo matatizo ya siku za mwanzo, hasa utumbo kujikunja kwenye maungio. Muulize daktari wako alifanya lipi, na liandikwe kwenye faili lako.