Kabla ya Kupeleka Kilio Washington

Sisi tuliohamia Marekani kutoka Tanzania tulikuja na mazoea ya nchi ambayo jambo likikwama, macho yote huelekea Dodoma. Wenzetu wa Kenya, waliokwisha kuzoea magavana na kaunti, huelewa mambo ya hapa upesi zaidi. Kwa muda wote ambao nimewasaidia jamaa hapa Texas kujaza fomu na kuandika malalamiko, ushauri wangu umekuwa uleule: tafuta kwanza ni nani mwenye mamlaka juu ya jambo linalokusumbua.

Chukua Medicaid, bima ya afya ya watu wenye kipato kidogo. Shemeji yangu, raia asiye na mtoto wa kulea, alitibiwa kwa bima hiyo Minnesota, lakini alipohamia Houston, hapa Texas, kufanya kazi ya ghala aliambiwa hana sifa, ingawa mshahara wake haukuwa umeongezeka. Akamlaumu rais. Nilimwonyesha kichwa cha barua aliyoletewa: ilitoka jimboni. Sheria ya afya ya 2010 ilikusudia majimbo yote yapanue bima hiyo, ila mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo haliwezi kushurutishwa. Minnesota ikapanua, Texas ikakataa, japokuwa serikali ya shirikisho hulipa asilimia 90 ya gharama za watu wanaoongezwa.

Wapo wanaosema basi kila kitu kiachiwe majimbo, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu na wananchi. Siafiki. Ni kweli kwamba Massachusetts ilitangulia na sheria yake ya bima mwaka 2006, na ile ya 2010 ikaiga mengi kutoka kwake. Lakini kima cha chini cha mshahara cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu 2009, ndicho kinachotumika Texas, na kisingekuwapo cha shirikisho sidhani kama jimbo hili lingejiwekea kikubwa zaidi.

Kuhusu bima, basi, mwandikie mbunge wako wa jimbo aliye Austin, makao makuu ya Texas, si yule wa Washington, tena uangalie kalenda. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, kuanzia Januari ya mwaka wenye namba witiri, kwa siku zisizozidi 140, na miswada huanza kupokewa tangu Novemba inayotangulia. Kwa hiyo saini za kuunga mkono ombi lenu zikusanywe Septemba, kabla ya Novemba hiyo, msikitini na kanisani, watu wakishatoka ibadani.