Wageni wa Kitalu, Angalieni Chini ya Kiriba

Masika yakikaribia Nairobi, vitalu vya miche vya kando ya barabara, kuanzia Barabara ya Ngong hadi Barabara ya Kiambu, hupata mikono mipya. Vijana wanakuja na bidii ya kupendeza: wanateka maji alfajiri, wanachekecha udongo, wanauliza maswali mazuri. Lakini makosa ni yale yale ya msimu uliopita. Mbegu za mti wa muthiga zimeanikwa juani. Miche inaatikwa, yaani kuhamishwa kutoka tutani hadi kiribani, kwa kusukumwa na kidole. Viriba, ile mifuko ya kukuzia miche, vimekaa pale pale chini miezi minane bila kuguswa, na kijana anamwonyesha mteja kwa fahari mche wenye urefu wa mita nzima. Wapenzi wangu, mteja anaona majani, lakini anachokwenda kupanda ni mizizi. Karibu kila kosa ninaloliona kitaluni linatokana na kusahau hilo.

1. Mbegu hazifanani. Mgunga wa Naivasha na jamii yake wana mbegu zenye ganda gumu, unaweza kuzikausha na kuzihifadhi miaka. Chemsha maji, epua, kisha mimina juu ya mbegu, maji yawe kama mara kumi ya ujazo wake, uziache humo mpaka kesho yake. Usizichemshie motoni, utazipika. Zilizovimba zisie siku hiyo hiyo. Ambazo hazikuvimba, kata ncha ndogo ya ganda kwa kikata kucha, upande ulio mbali na kitovu (ile alama mbegu iliposhikamana na tunda), uziloweke tena.

Muthiga na mwiria ni kinyume kabisa. Hizo zikikauka zimekufa, na ukizikata utaona ndani pamesinyaa. Toa nyama ya tunda, osha, zipunge upepo kivulini muda mfupi, kisha sia. Zisikae guniani wiki nzima zikisubiri mtu apate nafasi. Mwiria una subira yake pia: unaweza kukaa wiki sita hadi nane kabla ya kuchomoza, na kila mwaka kuna mtu anayelifukua tuta wiki ya nne akidhani mbegu zilikuwa mbovu. Mutamaiyu unataka kokwa livunjwe taratibu kwa koleo bila kuiponda mbegu, kisha ulowekwe siku moja au mbili. Mukinduri hauhitaji lolote zaidi ya kubanguliwa, ila mbegu yake ina mafuta na haihifadhiki muda mrefu. Muhugu na mtarakwa ni mtihani mwingine, maana nyingi ni tupu au zimeliwa na wadudu kabla hujazigusa. Kata mbegu 20 kwa wembe uhesabu zenye kiini cheupe na kigumu, ndipo uamue utasia kiasi gani.

Na hesabu hiyo ifanyike kwenye karatasi. Ukitaka miche 1,000, na huwa unapoteza mmoja katika kila mitano baada ya kuatika, unahitaji michipuko 1,250. Uotaji ukiwa asilimia 40, sia mbegu 3,125. Ukinunua mbegu kwa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga, uliza asilimia ya uotaji na tarehe ya kukusanywa. Ukikusanya mwenyewe, zunguka miti 20 hadi 30 iliyoachana vizuri. Mti mmoja uliozaa sana karibu na geti hautoshi kuzaa msitu.

2. Tuta la kusia. Mchanga wa mto uliooshwa, umwagiwe maji yanayochemka, uachwe upoe. Kina cha mbegu ni mara mbili ya unene wake. Mbegu nyembamba kama za mgrivea zitawanywe juu kisha zifunikwe kidogo tu.

Kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoangusha miche michanga, mtakutana nacho, hasa Juni hadi Agosti, wakati baridi ya Nairobi haikaushi tuta na jua halionekani. Miche inaanguka ubavu, shingo imelegea na kuwa nyeusi usawa wa udongo. Mgeni akiona imelala anadhani ina kiu, anaongeza maji, na kufikia jioni pengo limepanuka kama sinia. Fanya kinyume: simamisha maji, inua kivuli hewa ipite, ng'oa miche iliyoanguka pamoja na iliyo pembeni yake, tupa mbali na kitalu. Kuvu hao wanastawi kwenye unyevu na msongamano. Aliyesia kwa kubanana amewaalika.

3. Udongo wa kiriba. Sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya mchanga. Kama udongo wako ni ule mweusi wa Embakasi, ongeza mchanga hadi ukiufinyanga kwa ngumi na kuuachia, unavunjika. Samadi ambayo bado ina joto huunguza mizizi. Mgrivea usiutilie DAP, ile mbolea ya fosforasi, maana jamii yake haivumilii fosforasi nyingi, na hudhoofika kwa kile ulichokiita mbolea. Jaza kiriba mpaka ukingoni, kikaze theluthi ya chini, kisimame chenyewe bila kiuno, yaani bila kubonyea katikati. Kiuno kinazuia maji kushuka, na mizizi nayo inaishia hapo.

4. Kuatika. Hapa nitakaa, kwa sababu kosa hili halionekani likifanyika na haliwezi kurekebishwa baadaye.

Mche una majani mawili ya kweli, mzizi mkuu umeshuka sentimita sita au saba. Kijana ana viriba 600 vya kujaza kabla ya saa sita. Anatoboa shimo la sentimita nne kwa kidole, anaweka mche, mzizi unagusa chini na kujikunja kuelekea juu, yeye anaufukia na kuugandamiza. Mche unasimama. Kesho yake unasimama. Baada ya wiki mbili unatoa jani jipya, na msimamizi anapita akisema kazi nzuri. Kumbe ndani ya udongo mzizi mkuu umeshika umbo la ndoano, na utabaki hivyo maisha yake yote, kwa sababu mzizi unaponenepa unanenepea pale pale ulipopinda.

Mwaka wa kwanza shambani hakuna atakayejua, maana mvua ipo na mizizi midogo ya pembeni inatosha. Kiangazi cha pili kikija, mti unatafuta maji chini na hauna mzizi unaoelekea chini. Unanyauka wakati jirani yake, wa mbegu ile ile na siku ile ile, ni kijani. Mwenye shamba analaumu mchwa, analaumu udongo, analaumu mbegu. Na ule usiokufa una hatari kubwa zaidi: unafika mita nne au tano, unabeba kichwa kizito, na upepo unaotangulia mvua unaulaza juu ya ua au gari. Ukiuchimbua unakuta fundo shingoni, mzizi umejizungusha na kulikaba shina lenyewe. Mti wa miaka saba umeangushwa na sekunde tatu za asubuhi moja kitaluni. Ndiyo maana nina ukali katika hili kuliko jambo lingine lolote.

Sasa namna ya kufanya. Mwagilia tuta saa moja kabla ili udongo ulegee, na viriba pia viwe vimelowa jana yake. Inua mche kwa kijiti kutoka chini ya mizizi, usiuvute. Ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina. Jani likichanika litaota lingine, shina likibanwa mche umekwisha. Iweke iliyong'olewa kwenye bakuli lenye maji kidogo, kivulini, na using'oe mingi kuliko unayoweza kuatika kwa nusu saa. Toboa shimo kwa kijiti chenye unene wa kidole gumba, kina kizidi urefu wa mzizi. Mzizi ukizidi shimo, ukate kwa wembe mkali, usiogope, maana mzizi uliokatwa unatoa mingine inayoelekea chini, na uliokunjwa hautoi. Tumbukiza mche chini kupita kiasi, kisha uuvute juu taratibu mpaka shingo iwe sawa na uso wa udongo. Huko kuvuta juu ndiko kunakonyoosha mzizi, na ndiko wanakokuruka wenye haraka. Chomeka kijiti pembeni, sukuma udongo uelekee kwenye mzizi kutoka chini hadi juu, pasibaki hewa. Mwagilia. Kivuli cha nusu kwa wiki mbili.

Fanya hivyo jioni au siku ya mawingu. Ukiwa mgeni, kila viriba hamsini, pasua kimoja ubavuni utazame mzizi umelalaje. Umepoteza mche mmoja, umejua hali ya ile mingine 49. Wasimamizi wanaokataza kupasua kiriba kwa kuogopa hasara wanawafundisha vijana kufanya kazi kwa macho yaliyofungwa.

Kwa mbegu kubwa kama za mukinduri, jiepushie yote haya: sia moja kwa moja kiribani, mbili kwa kiriba, ubakishe mche wenye nguvu.

5. Mizizi inayotoka chini. Miezi miwili au mitatu baada ya kuatika, inua kiriba. Ukisikia kinang'ang'ania ardhi, umechelewa kidogo. Mizizi imeshuka ardhini, na ule urefu unaojivunia unalishwa na ardhi ya kitalu, wala si udongo wa kiriba. Mteja akiung'oa, mizizi yenyewe inabaki kwako, naye anaondoka na majani. Mche huo unakunja majani kabla haujafika Rongai. Kwa hiyo kila wiki tatu au nne, mwagilia vizuri, inua kila kiriba, kata kinachochungulia kwa kisu kikali au sekateri (mkasi wa kupogolea), kisha panga upya, mirefu ikae pembeni isiinyime mifupi mwanga. Mwagilia tena, na kivuli siku mbili tatu. Mkato wa mwisho uwe wiki tatu kabla ya mche kuondoka, usiwe asubuhi ya kuuza. Ukiweza kupanga viriba juu ya chanja la wavu, hewa itafanya kazi hiyo yenyewe, kwani ncha ya mzizi ikikutana na hewa kavu inakauka na matawi yanaota ndani.

Tangu Desemba 2022 tuna lengo la kitaifa la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na ni lengo jema. Lakini idadi kubwa humfanya mnunuzi ahesabu vichwa. Akija anataka lori zima na wewe umebaki na miche iliyokaa kiribani miaka miwili, mizizi imezunguka chini mara tatu, mwambie ukweli. Mche wa sentimita 30 wenye shina gumu utaupita ule wa mita moja kabla ya mwaka wa pili kuisha.

6. Kukomaza. Wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, ondoa kivuli hatua kwa hatua na punguza maji, mche unyauke kidogo mchana na kuamka jioni.

7. Shambani. Wengi mnadhani kazi yenu inaishia getini, na mteja akiuliza maswali mnamjibu "panda tu". Mwambieni hivi. Shimo la sentimita 45 hadi 60 kila upande lichimbwe mapema, udongo wa juu utengwe na ule wa chini. Asubiri mvua iingie ardhini kama sentimita 30. Manyunyu ya kwanza ya Machi ni ya kudanganya, Aprili inatosha, na vuli ni Novemba. Kiriba chote kitolewe, asikitoboe tu. Akikuta mizizi imejizungusha, akate sentimita moja ya chini na apitishe kisu ubavuni mara mbili au tatu kutoka juu hadi chini. Kwenye udongo mweusi apande juu ya kichuguu kidogo, maji yasituame, na achague mgunga wa Naivasha badala ya kulazimisha jakaranda.

Matandazo ni mazuri, ila yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina, vinginevyo umewawekea mchwa daraja. Mchwa hushambulia zaidi mche wenye kiu, kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji: lita tano hadi kumi kwa wiki, Januari na Februari, kisha tena Julai hadi Septemba, zimwagwe taratibu zote kwa mara moja. Vikombe vidogo vya kila siku vinaifundisha mizizi kukaa juu. Nyasi zifyekwe duara la mita moja. Mbuzi wanaozurura kando ya barabara hawazuiwi na kibao. Zungushia matawi ya miiba, au wavu wenye vigingi vitatu vilivyokazwa. Karibu na Karura kuna kima wanaovunja vichipukizi na paa wanaokwangua magome, kwa hiyo wavu uanzie ardhini.

Masika ya pili yakianza, mteja alitikise shina taratibu kwa mkono. Mti wenye mizizi iliyonyooka unapinda juu na chini hautikisiki. Ukiona udongo unafunguka duara shingoni, fukua upande mmoja utazame. Ukikuta ndoano, ung'oe mapema na kupanda mche mwingine siku hiyo hiyo, ukingali na mvua ya miezi miwili mbele, na kwa sababu hiyo kila ukisia Septemba kwa ajili ya Aprili, ongeza kiriba kimoja cha kuziba mapengo kwa kila viriba kumi.